Siku 70 za Mashine ya Mtumba

 

Tangu tulipotoa kile kipindi cha kazi za wazee wetu Ruwi, simu yangu haipumziki. Kuna mahali mle ndani, nyuma ya sauti ya shangazi yangu, unasikia mvumo kama wa ndege inayojiandaa kuruka pale Seeb. Mmoja ameuliza kama ni jenereta. Mwingine kasema tununue AC mpya. Mwingine kaniuliza kama tulirekodi gereji. Jamani, ile ni kompyuta. Iko chumbani kwangu, baina ya kabati na kitanda, na nimeinunua kwa rial 120 zangu mwenyewe, mtu asiye na mshahara. Safu ya leo ni habari yake: kwa nini niliitaka, nilivyoingizwa mjini, tulivyoiamsha, na weye ukitaka kujifunza kazi hii uanzie wapi ili usifanye nilivyofanya mie.

Hii ni kompyuta gani?

Si laptopu, na si ile kompyuta ya mezani ya skuli. Ni mashine ya IBM ya ukoo wa AS/400. Ukoo huu ulitangazwa tarehe 21 Juni 1988, ukachukua nafasi ya ndugu zake wawili wakubwa, System/36 na System/38. Watu wa kazi hii huziita kompyuta za kati: kubwa kuliko za mezani, ndogo kuliko yale majitu yanayojaza ukumbi mzima. Zilitengenezwa kwa ajili ya shughuli za ofisi, yaani benki, bima, viwanda, maghala. Jina limebadilika mara nyingi. Mwaka 2000 ikaitwa iSeries, 2006 ikaitwa System i, na tangu 2008 imeingizwa katika ukoo wa Power Systems, na mfumo wake unaitwa IBM i. Yangu ni i5 520, ya mwaka 2004. Lakini wazee waliozifanyia kazi hawana habari na majina mapya. Kwao zote ni Foo Handred tu, basi.

Utauliza, kitu cha zamani namna hii cha nini? Jibu ni kwamba hakijafa. Mashine hizi zilipangwa hivi: programu yako haizungumzi moja kwa moja na vyuma vya ndani, kuna tabaka katikati. Ndiyo maana IBM walipobadilisha moyo wa mashine mwaka 1995, wakaingiza prosesa za PowerPC za biti 64, wateja waliweza kuhama na programu zao bila kuziandika upya. Programu ya mwaka 1989 inaweza kuwa inahesabu pesa za watu mpaka leo. Makampuni hayaoni sababu ya kuitupa. Waliopungua ni watu: walioziandika wanastaafu, na vijana hawajui hata kuingia.

Mie ni baahith an amal, kama wengi wenu mnaosoma hapa. Miezi 11 natuma CV. Siku moja nikaona tangazo la hapahapa Muscat, wanataka mtu wa kusimamia IBM i usiku. Nikamwuliza baba, "Hii nini?" Baba akalitazama, akacheka. "Hiyo si kazi ya shangazi yako?"

Wallahi sikujua. Shangazi yangu alizaliwa Malindi, Unguja. Alikuja Muscat mwaka 1974 na ndugu zake, katika ule wakati Sultani Qaboos, aliyeshika nchi Julai 1970, alipowaita Waomani walioko nje warudi kujenga. Kiarabu chake kilikuwa cha chuoni tu, lakini Kiingereza cha skuli alikuwa nacho, na kikampatia kazi benki moja Ruwi. Sisi watoto tulichojua ni hicho: Shangazi alifanya kazi benki. Mie nilidhani alikaa dirishani akihesabu noti. Kumbe mwaka 1989 benki ilinunua AS/400, yeye akapelekwa kozi, na akakaa chumba cha kompyuta miaka 20, mpaka alipostaafu.

Rial 120

Mtu mwenye akili angekwenda kwanza kwa Shangazi. Mie nilikwenda kwanza kwenye tangazo la simu. Jamaa mmoja wa vyuma chakavu, upande wa Wadi Kabir, anauza "server IBM mustaamal". Nikaenda na ndugu yangu. Jamaa akaiwasha, feni zikanguruma, taa ya kijani ikawaka, akaipiga kofi ubavuni kama anauza ng'ombe. "Shaghaal! Mia fil mia!" Inafanya kazi, asilimia mia. Nikalipa. Watu wawili wakaibeba mpaka kwenye pikapu, manake mtu mmoja haiwezi. Mama kufungua mlango akauliza, "Friji la nani hilo?"

Matatizo yakaanza palepale. Waya wake wa umeme ulikuwa na plagi ya miguu ya mviringo, na soketi zetu hapa Oman ni zile za miguu mitatu ya bapa. Hilo dogo, waya mwingine unapatikana duka lolote. Nikaiwasha. Ikanguruma robo saa nzima, halafu kwenye kile kidirisha kidogo cha mbele ikatoka kodi inayoanza na A600, ikakaa hapohapo. Nikatafuta pa kuchomeka skrini yangu. Hamna. Namaanisha hamna kabisa. Nikaipiga picha ile kodi, nikamtumia Shangazi WhatsApp bila ya maelezo.

Baada ya dakika mbili ikaja sauti yake: "Subhanallah. Umeipata wapi hii? Mwanangu, hiyo imeamka lakini haina macho. Inatafuta skrini yake haiioni. Usiiguse. Na usichomoe waya! Nakuja."

Kuiamsha

Alikuja baada ya sala ya Isha, na miwani yake na daftari la jalada jekundu ambalo sijapata kuliona maishani mwangu. Nikamwamkia, akaitika marahaba huku anaitazama mashine. Akapiga magoti mbele yake, mtu wa miaka 70, akabonyeza vile vitufe vya mbele kama anapiga namba ya simu ya nyumbani.

"Ona," akasema. "Imekaa B na N. N manake inajiamsha yenyewe. Sisi tunataka M, tuiamshe kwa mkono, tuione inapita wapi."

Nawapa kwa ufupi tulichokifanya, manake najua wapo watakaojaribu. Mashine hii haitaki skrini, inataka konsoli, yaani kituo maalumu cha kuongea nayo. Kuna aina kadhaa. Iko skrini ya zamani yenye waya mnene uitwao twinax. Iko kompyuta nyingine inayoungwa kwa waya wa mtandao na kuwekewa programu ya konsoli. Na iko kompyuta ya usimamizi ya IBM yenyewe, iitwayo HMC. Ukinunua mashine iliyozoea aina moja na weye una nyingine, utakaa unatazama A600 mpaka Idi. Sisi tulichukua laptopu kuukuu ya ndugu yangu yenye Windows ya zamani, tukaweka programu kutoka kwenye diski nilizopewa ndani ya boksi, tukaunga waya. Usiku wa kwanza haikukubali. Wa pili haikukubali. Usiku wa tatu, saa tano na nusu, zikatoka herufi za kijani kwenye skrini nyeusi. Mistari 24, herufi 80 kila mstari. Shangazi akasema polepole, "Haya. Umeniona sasa."

Ikataka jina na nenosiri. Mkubwa wa usalama katika mashine hizi anaitwa QSECOFR. Nenosiri lake hatuna, na jamaa wa Wadi Kabir hajui hata swali lenyewe. Shangazi akasema, "Jaribu jina hilohilo." Nikaandika QSECOFR juu na QSECOFR chini. Ikafunguka, na palepale ikadai nenosiri jipya. Shangazi akacheka sana, halafu akaacha kucheka. "Ingekuwa benki leo hii ningemfukuzisha mtu kazi." Lile ndilo nenosiri mashine inalotoka nalo kiwandani, na kila anayeijua mashine hii analijua. Somo la kwanza la usalama nililipata hivyo, bila kitabu.

Kwamba nenosiri la kiwandani lilikuwapo, Shangazi akafahamu jambo jingine. "Diski zimefutwa, mfumo ukawekwa upya. Wamefanya vizuri, lazima zifutwe, kuna siri za watu. Lakini sasa hebu tuone leseni." Akaandika WRKLICINF, akapitisha kidole kwenye skrini, mstari baada ya mstari. Akavua miwani.

Leseni za mashine hizi hufungwa na namba ya mashine yenyewe. Funguo hutolewa kwa namba hiyo na si nyingine. Mwenye mashine wa mwanzo ameondoka, na funguo hazikuja na boksi. Ile programu inayogeuza maandishi ya RPG yawe kitu mashine inachokielewa, ambayo ndiyo niliyoitaka hasa, haikuwa na ufunguo. Bila ufunguo inatoa muhula wa siku 70 tangu unapoitumia mara ya kwanza. Baada ya hapo, basi.

"Umenunua nyumba bila ya hati," Shangazi akaniambia.

Nikarudi Wadi Kabir. Jamaa akasema, uliiona inawaka, hukuiona? Niliiona. Mtu mmoja kwenye mtandao akaniandikia kwamba anauza funguo kwa bei nafuu. Nikamwonyesha Shangazi. Hakuisoma mpaka mwisho. "Juu ya ufunguo wa wizi mie sifundishi. Siku 70 ni wiki ngapi?"

Kumi.

"Nitakuja kila Alhamisi."

Alhamisi kumi

Kwa nini Alhamisi? Kwa sababu mpaka Mei 2013 wikiendi ya Oman ilikuwa Alhamisi na Ijumaa, na Shangazi hajahama. Alhamisi bado ni siku yake ya kutembea.

Alhamisi ya kwanza nilikuja na kalamu kuandika orodha ya amri za kukariri. Akaninyang'anya. "Hazikaririwi hizi. Zina vipande." Akaandika WRKACTJOB. WRK ni kushughulikia, ACT ni kinachoendelea, JOB ni kazi. Yaani, nionyeshe kazi zinazoendelea nizishughulikie. DSP ni onyesha, MSG ni ujumbe, basi DSPMSG ni nini? CRT ni unda, LIB ni maktaba. DLT ni futa. Ukijua vipande, amri ambayo hujawahi kuiona unaijenga mwenyewe, na ukisahau maelezo yake unabonyeza F4 mashine ikuulize moja moja.

"Kama kitenzi cha Kiswahili," akasema. "A-li-m-pik-i-a. Weye unasema 'alipika kwa yeye' kwa sababu umekariri maneno, hukufundishwa vipande."

Kimya. Kweli nasema hivyo. Na nyie pia mnasema hivyo, nimewasikia.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kumsikia akifanya kazi. Shangazi hasemi "IPL" wala "shutdown". Anasema kuamsha na kulaza. Zile hesabu za usiku, za kumalizia biashara ya mchana ili asubuhi benki ifunguliwe na tarehe mpya, anaita kufunga siku. Kazi zikipangana kungoja zamu, ni foleni. Kazi iliyosimama katikati, imening'inia. Ikiwa imesimama kwa sababu inauliza swali, mashine inaandika MSGW, na Shangazi anasema inangoja jawabu. "Na usijibu kabla hujasoma swali. Vijana walikuwa wakiona imesimama wanapiga C, wanaikata. Umekata kazi ya kufunga siku saa nane ya usiku, haya, wewe nenda kamwambie mkubwa."

Nikamwuliza maneno haya ameyatoa kitabu gani. Akashangaa. "Kitabu? Tulikuwa wanne zamu ya usiku. Watatu sote wa Unguja na Pemba, na mmoja kijana wa Matrah. Tulikuwa tukizungumza." Yule wa Matrah baada ya mwaka mmoja akawa anazungumza nao. Mpaka bwana wao mkubwa, Mhindi, akawa anapiga simu usiku kutoka nyumbani kuuliza, "Mashine lala?"

Sasa nisikilizeni. Mie Kiswahili nimekijua maisha yangu yote kama lugha ya njoo ule, nenda kaoge, mbona umechelewa. Kazi na skuli ni Kiarabu na Kiingereza. Nilidhani Kiswahili chenyewe ndicho kisicho na maneno ya kazi, kwamba ni lugha ya jikoni na arusi. Kumbe kilikuwa na maneno, lakini yalibaki kule chumba cha kompyuta, Ruwi, saa nane za usiku, na hakuna aliyeyaleta nyumbani kwa sababu hakuna aliyeuliza. Tungengoja miaka mingine michache, yangekwenda nao.

Alhamisi ya nne akanihadithia usiku wa mwaka 2000. Mnakumbuka, au mmesikia, dunia nzima iliogopa kompyuta zitaidhani 00 ni 1900. Usiku ule wa Ijumaa, tarehe 31 Disemba 1999, tulikuwa ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani. Zamu nzima iliitwa kazini, na wakubwa wote. Shangazi alichukua daku yake kwenye kibebeo: wali, mchuzi wa papa na chupa ya chai ya tangawizi. Saa sita ikafika, wote wamesimama wanatazama skrini. Tarehe ikageuka. Wakafunga siku, hesabu zikakubali. Akasema hawakupiga makofi wala nini, kila mtu alitoa pumzi tu. Halafu wakala daku pamoja, wakubwa na wadogo, sakafuni, ndani ya chumba kisichoruhusiwa hata glasi ya maji.

Alhamisi ya sita tukapoteza. Ndugu yangu alitaka kupiga pasi kanzu, akachomoa waya wa mashine. Mashine hizi hulazwa kwa amri, PWRDWNSYS, zimalize zilichoshika na kuandika kila kitu kwenye diski. Ukizikata ghafla, zikiamka zinaanza kujikagua zenyewe. Tulikaa kungoja mpaka Shangazi akalala kwenye kochi. Hakuna kilichoharibika, lakini usiku ule hatukusoma kitu. Tangu siku hiyo soketi ile ina karatasi yenye maneno makali kwa lugha tatu.

Programu yenyewe niliyoandika ni ya upatu. Mama, Shangazi na wenzao, jumla 12, kila mmoja anatoa rial 20 kwa mwezi na kila mwezi anapokea mmoja. Mpaka sasa hesabu zilikuwa kichwani mwa Mama na kwenye bahasha. RPG ilizaliwa mwaka 1959 kwa kazi ya namna hiihii, kutoa ripoti za hesabu, ingawa ya leo imebadilika sana na huandikwi tena kwa kuhesabu safu za karatasi. Faili moja ya wanachama, moja ya malipo, na ripoti: nani ametoa, nani bado, nani zamu yake. Ilikataa mara nyingi sana. Siku ya 68, Alhamisi ya mwisho, ikakubali. Siku ya 71 nilijaribu kubadilisha mstari mmoja, ikaniambia muhula umekwisha.

Ukitaka na weye

Sasa faida, manake najua wengine mmeruka mpaka hapa.

Anza bila kununua kitu. Kuna mashine ya IBM i iliyoko Ujerumani, PUB400.com, inayompa mtu yeyote akaunti ya bure ya kujifunzia. Unaingia kutoka laptopu yako ya kawaida kwa programu ya skrini ya kijani, kama tn5250, ambayo nayo ni bure. Ukipenda kuandika kwa mtindo wa kisasa, VS Code ina kiongezo kiitwacho Code for IBM i. RPG ipo, leseni ni yao, kelele hazipo, na Mama hakuulizi friji la nani. Mie niko huko sasa, na programu yangu ya upatu nimeihamishia huko ikafanya kazi.

Pili, tafuta mtu. Kabla ya boksi, kabla ya kozi. Ukoo wako una mtu aliyefanya kazi benki, bandarini, kampuni ya mafuta, shirika la ndege. Mwulize alikuwa akifanya nini hasa, saa ngapi, na nani.

Tatu, ukiwa bado unataka chuma chako mwenyewe, na nakuelewa, basi kabla ya kutoa rial moja:

Soma aina na namba ya mashine kwenye kibandiko cha mbele, udai karatasi ya leseni yenye namba hiyohiyo. Hakuna karatasi, jua unanunua muhula tu.

Uliza konsoli ni ya aina gani, na waya na programu zake zipo wapi.

Usiridhike na taa. Simama mpaka uone ukurasa wa kuingilia kwa macho yako, hata ikichukua nusu saa. Mwenye kuuza akikuharakisha, nenda zako.

Uliza kama diski zimo ndani, na kama kadi ya diski ina betri nzima. Betri hizi huisha kwa miaka.

Chukua ile ya kusimama sakafuni inayotumia umeme wa kawaida wa nyumbani. Za kwenye kabati refu achana nazo. Na kumbuka Muscat mwezi wa sita: mashine hii inatoa joto, na AC yako itaifanyia kazi yeye kwanza kabla yako.

Kama mnataka kujua kuhusu kazi, niliitwa kwenye mahojiano. Waliniuliza maswali mengi ya vitabuni, mengine sikuyajua. Halafu yule mzee wa upande wa kushoto, aliyekuwa kimya, akauliza: ni saa nane usiku, kazi ya kufunga siku imeandika MSGW, utafanya nini? Nikasema, nitasoma ujumbe kwanza, sitapiga C. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Wamesema watanipigia. Hii wiki ya tatu.

Mashine nimeilaza, kwa amri, si kwa kuchomoa waya. Sijaiuza. Ripoti ya kwanza ya upatu niliichapisha, Mama akaibandika kwenye friji, friji la kweli. Alhamisi iliyopita Shangazi alisimama mbele yake na miwani yake, akapitisha kidole chini, jina baada ya jina, kama alivyofanya siku ile ya leseni. Akafika mstari wa 12.

"Mie ndo wa mwisho?"

Nikamwambia imepangwa kwa kura, Shangazi, mashine haikumpendelea mtu.

"Nimekufundisha wiki kumi," akasema, "na hata kunipendelea hujui." Kisha akaenda kutia chai.

Haya, tuonane safu ijayo. Na weye uliyeandika "server" kwenye maoni yote, leo umesoma maneno mangapi mapya?